Watoto wetu na maji: Wiki moja ya kambi na kayaki katika mito ya Midwest



Msomaji wetu mpendwa, likizo ni mtihani kwa wazazi. Shule zinapofungwa, watoto hurudi nyumbani wakiwa na muda mwingi kuliko shughuli za kuwapa, na mara nyingi simu ndiyo inayogeuka kuwa mlezi. Hali hiyo ipo Temeke na ipo Likoni. Ipo pia kwa ndugu zetu walioko ng'ambo, na kwao ina uzito wa ziada: baba yupo zamu ya usiku, mama yupo zamu ya mchana, nao watoto wanakua wakiwaona wazazi wao kwa zamu vilevile.

Juma hili tunapenda kuzungumzia njia moja ya kuikusanya familia ambayo wengi wetu tumeiona kuwa ni mambo ya Wazungu: kuchukua hema, sufuria na mkeka, kuondoka mjini, kulala kando ya mto na kupiga kafi mchana. Tuliishuhudia majira ya joto yaliyopita tulipowatembelea jamaa zetu wanaoishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, katika eneo la kati la Marekani linaloitwa Midwest. Tulikuwa watu saba ndani ya gari moja: sisi wawili, mdogo wetu na mumewe, na watoto wao watatu, wa kwanza mvulana wa miaka kumi na mitano, wa pili msichana wa miaka kumi na miwili, na kitinda mimba wa miaka minane.

Ili msomaji aelewe yatakayofuata, tueleze undugu wetu. Mdogo wetu huyu ni mtoto wa mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira. Wenye asili ya Ujiji wanajua kwamba ziwa hilo halijapata kuwa mpaka wa ukoo. Wamanyema wa Ujiji wana jamaa pande zote mbili. Vita vilipozuka upande wa Kongo mwaka 1996, maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mashua kuja Kigoma, na mama mdogo na watoto wake walikuwamo. Baadaye walipelekwa kambi ya Nyarugusu, na huko ndiko mdogo wetu alikokulia, akaolewa, akamzaa kifungua mimba wake, hadi walipopata nafasi ya kuhamishiwa Marekani.

Marekani ya mashamba

Anayeijua Marekani kwa filamu huikosa nchi hii kabisa. Ukitoka Cedar Rapids kuelekea kaskazini mashariki, mji hukatika ghafla kama uliokatwa kwa kisu, yakaanza mahindi. Iowa ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha mahindi, na jicho la mtu wa Mbeya au Kitale hushangazwa na jambo moja: mashamba yasiyo na watu. Unaweza kwenda nusu saa usimwone mtu mwenye jembe wala mama mwenye kikapu. Ipo mashine moja, yapo maghala marefu ya chuma, na nyumba moja nyeupe chini ya miti. Mahindi yenyewe, kwa sehemu kubwa, si ya kuliwa na watu. Huwa chakula cha mifugo au hutengenezwa mafuta ya kuchanganywa na petroli. Mifugo hiyo, msomaji atusamehe, sehemu kubwa ni nguruwe, nao Iowa ni wengi kuliko watu mara kadhaa. Kila upepo ulipobadilika, kitinda mimba alipandisha kioo cha gari bila kuambiwa.

Hata hivyo, Waislamu si wageni katika mashamba hayo. Palepale Cedar Rapids upo msikiti mdogo wa mbao, una kuba dogo juu ya mlango, uliomalizika kujengwa mwaka 1934. Unaitwa Mama wa Misikiti ya Amerika, na ndio mkongwe kuliko yote iliyojengwa kwa ajili ya kuwa msikiti ambayo bado imesimama nchini humo. Walioujenga walitoka nchi za Shamu, yaani Syria na Lebanon za leo. Wengi wao walianza maisha wakiwa wachuuzi wa miguu: mtu hubeba mzigo mgongoni, sindano, nyuzi, vitambaa na vyombo, akatembea shamba hadi shamba, hata apate mtaji wa kufungua duka. Waliponunua ardhi ya makaburi yao katika miaka ya 1940, walikuwa wameshaamua kwamba hapo ni kwao. Mafuriko makubwa ya mwaka 2008 yaliingia katika chumba cha chini cha msikiti huo, lakini jengo lilibaki. Tuliswali rakaa mbili humo kabla ya kuanza safari, na shemeji akawaambia watoto: "Hawa nao walikuja na mizigo mgongoni."

Maandalizi

Safari ya namna hii haihitaji utajiri. Hema kubwa liliazimwa kwa jirani. Kayaki, yaani mitumbwi midogo ya plastiki ya mtu mmoja au wawili inayoendeshwa kwa kafi lenye mabapa pande zote mbili, hukodishwa katika vijiji vilivyo kando ya mito. Mwenye kuikodisha hukupeleka juu ya mto kwa gari, nawe ukateremka na maji hadi gari lako lilipo. Mahali pa kupiga hema hupatikana katika hifadhi za majimbo, penye maji ya bomba, vyoo, meza na duara la chuma la kuwashia moto.

Yapo mambo ambayo familia ya Kiislamu huyapanga mapema. Nyama ya halali haipatikani vijijini, kwa hiyo shemeji aliinunua mjini, akaigandisha na kuipanga ndani ya sanduku la barafu pamoja na samaki. Wisconsin ni nchi ya jibini, lakini ipo inayogandishwa kwa vimeng'enya vya wanyama, na anayetaka kujiepusha na shaka husoma maandishi ya pakiti. Tamu nyeupe laini ziitwazo mashmalo, ambazo watoto wa Kimarekani huzichoma motoni usiku, mara nyingi huwa na jelatini ya nguruwe. Zipo za halali katika maduka ya Waislamu mijini, nasi tulibeba mifuko miwili. Hili laweza kuonekana dogo, ila mtoto anayeambiwa "hapana" usiku mzima huku wenzake wa hema la jirani wanachoma tamu zao, atajifunza kuwa dini ni orodha ya makatazo. Akipewa yake, atachoma na kusahau.

Kuni hazibebwi kutoka mbali. Yupo mdudu mmoja wa kijani, mbawakavu aliyetoka Asia na kugunduliwa Michigan mwaka 2002, ambaye ameua mamilioni ya miti, naye husafiri ndani ya kuni. Kwa hiyo mtu hununua kuni palepale anapozichoma. Malaria haipo huko, lakini mbu wapo, na kupe wapo, wakiwamo wadogo mfano wa mbegu ya ufuta wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Hapa mavazi yetu ya stara yalituhudumia vyema: mikono mirefu, suruali iliyochomekwa ndani ya soksi, kisha kila jioni ukaguzi wa mwili, mama kwa binti na baba kwa wana. Kupe aliyeonekana mapema na kutolewa kwa kibano kabla hajashikilia siku nzima, mara nyingi huwa hajaleta madhara.

Jambo la mwisho la maandalizi ni siku. Jumamosi mito hiyo hujaa vijana wenye makopo ya bia. Jumatatu hadi Alhamisi ni ya korongo, kasa na wavuvi wazee. Tulichagua siku za kazi.

Vilima vya waliotangulia

Mchana wa kwanza tulifika ukingo wa Mississippi, mto unaoanzia katika Ziwa Itasca, Minnesota, na kusafiri kilomita zaidi ya 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko. Hapo juu ya majabali, upande wa Iowa, ipo hifadhi ya taifa iitwayo Effigy Mounds, iliyotangazwa mwaka 1949. Ndani yake mna vilima vya udongo zaidi ya 200 vilivyofinyangwa na wenyeji wa asili kwa karne nyingi, na baadhi vina umbo la dubu na ndege. Dubu mkubwa ana urefu wa mita 42 hivi, lakini kimo chake ni mita moja tu. Ukisimama kandoye huoni dubu, waona mwinuko wa nyasi. Vingi ni makaburi. Watu wa makabila yenye nasaba navyo wanavihesabu kuwa ni mahali patakatifu, na mgeni huombwa asikanyage juu. Kwetu sisi, tuliofunzwa adabu ya makaburi tangu utotoni, ombi hilo halikuhitaji kurudiwa. Binti aliuliza: "Watu wenyewe wako wapi?" Swali hilo lilistahili jibu la kweli, nasi tulimjibu kwamba wengi walihamishwa kwa nguvu na kwa mikataba isiyo ya haki, lakini hawakwisha, na tungewakuta mbele.

Na kweli tuliwakuta. Tulivuka daraja hadi Prairie du Chien, Wisconsin, tukapanda kaskazini hadi bonde la mto Kickapoo. Nchi hiyo haina tambarare kama ya Iowa. Barafu kuu za zama za kale, zilizosawazisha majimbo jirani kama pini juu ya unga, hazikuipitia sehemu hiyo, na ndiyo maana imebaki na milima mikali, mapango na chemchemi baridi. Kickapoo hujikunja sana hata ukapiga kafi saa nzima na kujikuta umerudi nyuma ya jabali lilelile. Urefu wake ni kilomita 200 hivi, ilhali mwewe angeruka nusu yake tu.

Katika bonde hilo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ilinunua mashamba na kuziondoa familia zaidi ya 100 ili ijenge bwawa. Ujenzi ulisimamishwa mwaka 1975, bwawa halikumalizika, nao mnara wa zege ungalipo hadi leo, umesimama peke yake katikati ya miti. Ardhi ile leo ni hifadhi, na inasimamiwa kwa ushirikiano na taifa la Ho-Chunk, wenyeji wa asili wa bonde. Barabarani tulipishana na magari ya farasi ya Waamishi, Wakristo wanaoishi bila magari wala umeme wa gridi. Wanawake wao walivaa magauni marefu na vilemba vya kitambaa. Mmoja alimtazama mdogo wetu, naye mdogo wetu akamtazama, wakapungiana mikono. Dukani, katika kituo kimoja cha mafuta, mambo hayakuwa hivyo; tulitazamwa kwa ukimya hadi tukatoka. Safari huwa na yote mawili, na watoto waliyaona yote mawili.

Jua lisilotaka kuchwa

Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua la Ikweta: saa kumi na mbili jua linachomoza, saa kumi na mbili linakuchwa. Mwishoni mwa Juni kule Wisconsin, jua huchomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuchwa karibu na saa tatu kasorobo usiku. Isha huingia saa nne na nusu au zaidi, na Alfajiri saa tisa na nusu usiku. Aliyezoea kuswali Isha kisha kula, atalala na njaa. Ruhusa ya msafiri kupunguza na kukusanya swala, ambayo masheikh wengi huikadiria kwa mwendo wa kilomita 80 au zaidi, ilionekana kwetu kuwa rehema yenye maana ya wazi; maelezo yake kila mtu amuulize sheikh wake. Kibla nacho hubadilika: sisi wa Pwani tumezoea kuelekea kaskazini, huko huelekea kaskazini mashariki. Mvulana ndiye aliyekuwa muadhini, kwa sauti ya chini, na mkeka ulitandikwa kwenye nyasi nyuma ya hema. Jirani mmoja alipunguza muziki wake, wala hakuuliza kitu.

Usiku vimulimuli walijaa bondeni kama cheche zisizounguza. Watoto hao, ambao Kiswahili chao nyumbani kilikuwa kimepungua hadi kuwa "ndiyo, mama" na "sijui, baba", walikaa motoni na baba yao wakajifunza vitendawili. Baba huyo hulala mchana siku tano za juma, kwa sababu kiwanda cha vyakula anachofanyia kazi humtaka usiku. Kitinda mimba alituambia kwa siri, kwa lugha mbili zilizochanganyika, kwamba hakujua baba yake ni mcheshi.

Aliyebaki ukingoni

Siku mbili za Kickapoo mdogo wetu hakugusa maji. Mto huo ni mwembamba na sehemu nyingi humfika mtu mzima kiunoni, nao mwalimu wa pale aliwafundisha watoto misingi: jaketi okozi lifungwe kila kifungo na lisivuliwe, ukianguka, elea chali na miguu ikitangulia kuelekea mteremko, wala usijaribu kusimama penye mkondo mkali, ujiepushe na miti iliyoangukia mtoni, kwa maana maji hupita katikati ya matawi lakini mtu hunaswa. Shemeji na watoto walipiga kafi. Mama yao alituongozana kwa gari, daraja hadi daraja, akisimama juu ya kila daraja na kuhesabu vichwa vinavyopita chini yake. Vitatu na kimoja. Vitatu na kimoja.

Watoto walimwona mama mwoga. Nyumbani alikuwa amewakatalia masomo ya kuogelea kila mwaka fomu ilipoletwa kutoka shule, bila kutoa sababu. Binti alitutamkia waziwazi: "Mama hapendi tufurahi." Sisi tulikuwa tunaijua sababu, lakini haikuwa yetu kuitoa.

Siku ya nne tuliteremka hadi Wisconsin ya Chini. Sehemu hiyo ya mto Wisconsin, kilomita karibu 150 za mwisho kabla haujaingia Mississippi, haina bwawa hata moja. Ni njia ileile waliyopita Marquette na Joliet mwaka 1673, walipoufikia Mississippi kwa mitumbwi. Mto ni mpana, maji yana rangi ya chai, na katikati yake yapo mafungu ya mchanga ambayo umma unaruhusiwa kupiga kambi. Ni pazuri mno, na ni pa hatari kwa wasiojua. Mchanga huhamahama, mtu hutembea maji yakiwa magotini, hatua inayofuata mchanga umekwisha, na maji yako juu ya kichwa chake. Wanaozama mto huo mara nyingi hawakuwa wakiogelea, walikuwa wakitembea.

Ili kufika kwenye fungu ilibidi kuvuka maji. Mdogo wetu alivaa jaketi, akakaa mbele katika kayaki ya watu wawili, mumewe nyuma. Hakushika kafi. Alishika kingo kwa mikono miwili na midomo yake ikawa inatembea muda wote. Tulipofika aliketi mchangani akiwa ameupa mto mgongo.

Baada ya swala ya jioni na chakula, bila kuombwa na mtu, alianza kusema. Aliwaambia watoto wake kwamba walipovuka Tanganyika alikuwa na umri wa miaka tisa. Mashua ilikuwa ya kubebea mizigo na ilijazwa watu. Waliondoka usiku. Upepo uliinuka katikati ya ziwa, maji yakaingia, watu wakahamia upande mmoja. Mdogo wake wa kiume, wa miaka minne, alikuwa amefunguliwa mgongoni mwa mama yao ili mama apate kukumba maji kwa sufuria. Alipewa yeye amshike. Wimbi lilipopiga, alibaki ameshika shati.

Alisema jina la mtoto huyo. Kitinda mimba aliinua kichwa, kwa sababu ni jina lake.

Hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Sisi tulikumbuka asubuhi ile tulipowapokea Kigoma na mama mdogo akawa bado ameikumbatia sufuria. Shemeji aliongeza kuni. Kisha binti akahama alipokuwa ameketi, akajilaza mapajani mwa mama yake, akalala hivyohivyo.

Asubuhi, tulipokuwa tunapakia, mvulana alipita kwa kila mtu kukagua jaketi. Alivuta kila mkanda kama mwalimu alivyomwonyesha. Alipofika kwa mama yake alipiga magoti mchangani, akafunga vifungo vyote, akavuta mabegani kuhakikisha jaketi halipandi, kisha akamwambia kwa Kiswahili chake cha kukwama: "Mama, hii haiwezi kutoka." Mdogo wetu aliomba kafi. Alipiga hadi tulipotoka mtoni, upande mmoja zaidi kuliko mwingine, na shemeji nyuma akafanya kazi ya kunyoosha chombo. Hatutasema kwamba alifurahi. Alipotia mguu nchi kavu mikono yake ilitetemeka. Lakini juma lililofuata fomu tatu za masomo ya kuogelea zilisainiwa, na yeye akauliza kama lipo darasa la wanawake watu wazima.

Tunachokichukua

Msomaji wetu, huhitaji kwenda Wisconsin. Tumekuletea habari hii kwa sababu hofu ya mdogo wetu ni ya haki, nayo ni hofu yetu sote. Sisi ni watu wa visiwa na maziwa. MV Bukoba ilizama mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Skagit mwaka 2012, na MV Nyerere mwaka 2018 ikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara. Hakuna mji wetu wa pwani usio na nyumba iliyopoteza mtu. Na bado wengi wetu huitikia msiba huo kwa kuwaambia watoto wasisogelee maji, kisha tunawapandisha boti za Unguja na za Mwanza wakiwa hawajui kuelea. Hofu isiyoelezwa mtoto huiona kuwa ni amri tu, na amri ya namna hiyo huvunjwa siku mzazi asipokuwapo.

Tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mzazi amweleze mtoto mkubwa sababu ya hofu yake, hata kama ina uchungu. Pili, watoto wote, wa kike na wa kiume, wafundishwe kuogelea na mtu anayejua, kwa stara: Nungwi, huko Unguja, wasichana wamefundishwa wakiwa na mavazi yanayofunika mwili, na hakuna kinachozuia madrasa nyingine kuandaa hayo kwa walimu wanawake. Nguo iwe nyepesi na ya kukauka haraka, si baibui refu la kunasa miguuni, na mtandio ubanwe ndani ya jaketi. Tatu, hakuna kupanda chombo bila jaketi okozi lililofungwa, awe nahodha ni mjomba au jirani. Ngurumo ikisikika, chombo kitoke majini na kingoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Nne, familia itenge walau usiku mmoja wa likizo nje ya nyumba, pasipo simu: Ruvu, Lushoto, Naivasha, au shambani kwa babu. Hema si lazima. Mkeka na chandarua vyatosha. Moto ukiwaka na kazi ikiwa mbali, watu husema yale ambayo sebuleni hayasemeki.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliochukuliwa na maji, awape subira waliobaki, na awahifadhi watoto wetu wakiwa bara na wakiwa baharini. Amin.